Banjo la Mjomba na taipureta ya Nagoya

Najua wengi mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba ruhusa tuweke msimbo kando, kwa sababu kwa miezi saba sasa kichwa changu kimejaa kitu kingine kabisa: banjo.

Naam, banjo. Msicheke.

Mambo yalianza hivi. Mjomba wangu, ambaye maisha yake yote ameishi Kibokoni, Mji wa Kale, alipata kiharusi. Alipotoka hospitali tulimleta kwangu hapa Ganjoni, maana nyumba yake ina ngazi nyembamba za mbao na mimi nakaa chini. Mguu ulirudi polepole, ulimi pia. Mkono wa kushoto haukurudi. Alikuja na mfuko wa nguo na sanduku refu jembamba lililofungwa kamba. Akaniambia, "Hilo banjo langu. Nimepigia harusi nyingi kuliko ulizokula biriani. Sasa lipige wewe, mwanangu, mimi nisikize."

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nikiambiwa nijifunze kitu, kwanza nafungua kitafutio. Usiku ule ule, Mjomba amelala, nilitafuta masomo ya banjo kwa wanaoanza. Nikapata mengi mno! Video, vitabu, kozi za wiki nane, kozi za mwaka mzima. Nikachagua moja iliyosifiwa sana, nikalipa kwa kadi, nikalala nimeridhika.

Asubuhi nikafungua sanduku.

Ndani hakukuwa na ile ngoma ya duara yenye shingo ndefu niliyoiona kwenye video. Kulikuwa na ubao mrefu kama rula nene, nyuzi zimelazwa juu yake, na juu ya nyuzi safu mbili za vibonye vya duara. Vibonye kabisa, kama vya taipureta ya ofisini zamani. (Ndiyo, nililipa kabla ya kufungua sanduku. Mwandishi gani wa programu huanza kuandika msimbo kabla ya kusoma mahitaji ya mteja? Sote.)

Basi makala hii ni historia ya kosa langu. Nilikuwa natafuta mwalimu, nikajikuta nauliza swali lingine: watu wa pwani hii walijifunzaje muziki, kila zama kwa nyenzo zake?

Banjo la kwanza: la Marekani, lenye asili ya Afrika

Pesa zangu hazikupotea zote. Ile kozi ilinipa hamu ya kujua banjo lile la duara limetoka wapi, na jibu ni kwetu, yaani bara letu. Watu waliotekwa Afrika Magharibi na kupelekwa utumwani visiwa vya Karibi walitengeneza huko ala za kibuyu kilichofunikwa ngozi, zenye shingo ya mti na nyuzi. Daktari Hans Sloane aliziona Jamaica miaka ya 1687 hadi 1689, na kitabu chake cha mwaka 1707 kina picha yake. Huko Senegal na Gambia, Wajola mpaka leo wanapiga akonting, ala ya kibuyu yenye nyuzi tatu, mmoja wao mfupi unaopigwa kwa dole gumba. Banjo la Marekani la nyuzi tano nalo lina uzi mfupi wa dole gumba. Aliyewahi kusoma msimbo wa mtu mwingine anajua maana yake: ukikuta kazi ile ile isiyo ya kawaida katika programu mbili, huulizi sana kama zina uhusiano.

Kisha Wamarekani weupe wakalichukua banjo, wakalipandisha majukwaani kuanzia miaka ya 1830 na 1840, na wengi wakasahau lilikotoka. Mwaka 2005 mpigaji banjo Béla Fleck alifunga safari kulirudisha nyumbani. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Tanzania alipiga pamoja na Anania Ngoliga, mpigaji ilimba asiyeona, na jina la filamu ya safari ile ya mwaka 2008 limetokana na jina la Bagamoyo, kubwaga moyo. Ukiipata, itazame.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi lilivyofundishwa. Mwaka 1948 Pete Seeger aliandika kitabu cha kujifunzia banjo la nyuzi tano, akakichapa mwenyewe kwa mashine ya kurudufu, nakala mia moja tu. Mwaka 1968 Earl Scruggs akatoa chake, kikieleza ule mtindo wa vidole vitatu uliomfanya maarufu. Vyote viwili vinatumia tablatura: mistari inayowakilisha nyuzi, na namba zinazokuonyesha pa kuweka kidole. Huhitaji kusoma noti za Kizungu. Namba tu.

Hizo namba zishike, tutazirudia.

Banjo la pili: la Nagoya

Sasa turudi kwenye sanduku la Mjomba. Nilimwuliza jina lake jingine. Akafikiri, akasema taratibu, "Wenyewe wakiliita taishokoto."

Hapo milango ikafunguka. Mwaka 1912, katika mji wa Nagoya nchini Japani, mwanamuziki aliyejulikana kwa jina la Morita Goro alibuni ala mpya. Alikuwa amesafiri ng'ambo na kuiona taipureta, akajiuliza: kwa nini mtu asiyejua muziki asibonyeze wimbo kama karani anavyobonyeza herufi? Akaichukua ala ya kale ya Kijapani ya nyuzi mbili, akaiwekea vibonye. Ukibonyeza, kipande cha chuma kinashuka na kuukandamiza uzi mahali sahihi kabisa, huku mkono wa kulia ukiupiga kwa risha. Mwaka ule Japani ilipata mfalme mpya na zama zake zikaitwa Taisho, zilizodumu hadi 1926. Koto ni ala yao ya jadi. Taisho na koto: taishogoto kwa matamshi yao, taishokoto kwa yetu.

Na vibonye viliandikwa nini? Namba! Moja ni do, mbili ni re, mpaka saba. Nukta chini ya namba ni sauti ya chini, nukta juu ni sauti ya juu. Yaani yule bwana hakuuza ala peke yake, aliuza ala yenye kitabu chake cha mafunzo juu ya vibonye. Kwa lugha yetu ya kazi, alitengeneza kiolesura cha mtumiaji ambaye hajawahi kufundishwa.

Ala ikasafiri. India ikaitwa bulbul tarang, na watu wengi huko wakaliita banjo tu. Kwa Wabaluchi wa Makran ikakua, ikawa ndefu zaidi, ikaitwa benju. Basi Mjomba hakukosea kuliita banjo. Nusu ya Bahari ya Hindi inaliita hivyo. Aliyekosea ni mimi, niliyedhani neno moja lina maana moja duniani kote.

Lilivyofika Mvita

Tukumbuke kuwa pwani hii haijawahi kungoja mwalimu aje mlangoni. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza kanuni, na huo ndio mwanzo wa taarab ya pale. Nyenzo ya kujifunzia ilikuwa mtu mzima kupanda meli. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na watu wakafundishana wao kwa wao. Mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na kuanzia hapo hata aliyekaa kijijini aliweza kujifunza, mradi jirani yake ana gramafoni. Kisha ikaja redio, na filamu za Kihindi katika majumba ya sinema, ambapo mtu alitoka na wimbo kichwani akaukimbiza nyumbani kabla haujamtoroka.

Taishokoto nayo iliingia katika mkondo huo. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za moja kwa moja kutoka Japani hadi Afrika Mashariki, na maduka ya pwani yakajaa vitambaa, sahani na vikorokoro vya Kijapani. Jina lenyewe ni ushahidi. Kitu kinachopitia mikono mingi hupoteza jina, kama India na Makran kulikosahaulika Taisho. Sisi tulibaki na jina la Nagoya karibu lilivyo.

Mombasa ikalipa kazi. Lilitiwa kifaa cha kunasa sauti, likaunganishwa na spika, likawa na sauti kali inayopenya kelele za ukumbi wa kina mama. Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo watu wa kompyuta watalipenda. Udi hauna freti: kidole kinaweza kusimama popote, hata katikati ya sauti mbili, ndiyo maana ulimfaa bingwa kama Zein l'Abdin katika nyimbo zenye ladha ya Kiarabu. Taishokoto haiwezi. Kibonye ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa, sifuri au moja. Robo sauti hamna. Basi likafaa zaidi nyimbo zenye sauti za filamu za Kihindi na zile za mapigo ya chakacha. Ukitaka kusikia, tafuta albamu ya Zuhura Swaleh iitwayo Jino la Pembe, iliyotolewa London mwaka 1992. Kwa zama za nyuma kidogo, mkusanyiko wa Zanzibara wa pili, uliotoka Ufaransa mwaka 2005, una taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975.

Nilimwuliza Mjomba yeye alifundishwa na nani. Akacheka upande mmoja wa mdomo. "Nani akufunze? Ukisimama nyuma ya mpigaji, ukiangalia mikono. Akikuona waangalia sana, agauka akupe mgongo."

Baadaye zikaja kanda. Alinunua kaseti Mji wa Kale, akaipiga, akairudisha kwa kalamu ili asimalize betri, akaipiga tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa kozi yake.

Waya chini ya bahari

Zama zetu zina meli yake. Hapa Mombasa, mwaka 2009, ilitua TEAMS, waya wa mawasiliano unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwaka huo huo SEACOM ikaanza kazi. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na wazee wa kazi mnakumbuka: video ya dakika tatu ilikuwa shughuli ya jioni nzima kwenye saiba, na ukisahau kulipa dakika za nyongeza umepoteza yote. Leo nakaa sebuleni Ganjoni nikitazama bibi wa Kijapani akipiga taishogoto sentimita thelathini kutoka puani mwangu. Hanipi mgongo.

Lakini inabidi ujue la kuandika. Ukiandika banjo utapata Marekani. Ukiandika jina la Kijapani kwa herufi zao, 大正琴, utapata maelfu ya video, kwa sababu Japani ala hii bado inapendwa, hasa na wazee. Ukiandika bulbul tarang utapata walimu wa India na Pakistani. Ukiandika benju utapata Wabaluchi, na hapo jiandae, kwa sababu mtu kama Bilawal Belgium wa Karachi atakufanya uone huna vidole. Ukiandika taishokoto kwa tahajia yetu utapata nyimbo chache na somo sipati hata moja.

Nilifuata masomo ya Wajapani wiki sita. Kijapani sijui, lakini namba najua. Nikajifunza kuweka vidole vya kushoto, nikajifunza ngazi, nikaweza nyimbo mbili za watoto. Siku hiyo nikajiona tayari. Nikautafuta wimbo mmoja wa harusi ambao Mjomba anaupenda, nikaupunguza kasi kwa Audacity bila kuharibu sauti, nikaandika namba zake zote katika faili ya maandishi, nikazihakiki mara tatu. Nikampigia. Hakuna kibonye hata kimoja nilichokosea.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Wapiga chapa, mwanangu. Hupigi banjo."

Iliniuma, sitaficha. Namba zilikuwa sahihi! Nikamwuliza kosa liko wapi. Akaunyoosha mkono wake wa kulia, ule mzima, akaniambia nimpe risha.

Mikono miwili

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipofunguka macho. Taishokoto imegawanya kazi waziwazi: kushoto inabonyeza, kulia inapiga. Mkono uliokufa wa Mjomba ni ule wa vibonye. Nikaketi kushoto kwake, nikaweka vidole vyangu kwenye vibonye, yeye akashika risha. Nikabonyeza namba zangu zile zile, kwa mpangilio ule ule. Naye akapiga.

Ukawa wimbo.

Alipiga chini, juu, chini, akaruka pigo, akaurudia uzi mara nne haraka hadi sauti ikatetemeka, akanyamaza mahali ambapo ngoma ingejibu. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa nabonyeza tu. Kila nilichokuwa nimekihakiki mara tatu kilikuwa nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu vyote nikaona jambo lile lile. Namba za Nagoya zinakwambia kibonye gani. Tablatura inakwambia uzi gani. Ni hodari kwa mkono wa kushoto. Scruggs alijitahidi kuandika na vidole vya kulia, na nadhani ndiyo maana kitabu chake kimewafaa wengi. Lakini pigo letu la pwani, lile la kumjibu mwenye ngoma, hakuna aliyeliandika popote. Lilikuwa katika migongo ya wale wapigaji waliogeuka, na sasa liko katika mkono mmoja wa mzee mmoja sebuleni kwangu.

Basi nikabadilisha muundo wa faili yangu. Kila mstari wa namba sasa una mstari wa pili chini yake: c ni risha kushuka, j ni kupanda, nukta ni kunyamaza. Hivi:

1 1 2 3 . 2 1
c j c c . j c

Huo ni mfano tu, si wimbo. Nampigia picha ya video mkono wake kutoka juu, halafu usiku naandika. Tunafanya nusu saa baada ya alasiri, akichoka tunaacha. Tumemaliza nyimbo tatu. Anasema anazijua zaidi ya sitini, na kuna siku anautafuta mmoja asubuhi kutwa na hauji.

Kwa anayetaka kuanza

Wengi mtaniuliza, kwa hiyo nawajibu kabisa:

1. Fungua sanduku kwanza. Jua una ala gani kabla ya kulipa mtu.

2. Kama ni lile la duara la nyuzi tano, anza na vitabu vya Seeger na Scruggs. Ni vya zamani, lakini havijazidiwa sana kwa mtu anayeanza bila mwalimu.

3. Kama ni la vibonye, jifunze namba kwa Wajapani, kasi kwa Wabaluchi, na nyimbo kwa kaseti za nyumbani. Kanda hizo zisafirishe kwenye kompyuta mapema, maana utepe unaoza kwa joto na chumvi yetu.

4. Usikaze nyuzi kwa kufuata programu ya simu peke yake. Mjomba hukaza kwa sauti ya mwimbaji wa siku hiyo. Mwimbaji akiwa na mafua, nyuzi zinashuka.

5. Kama kuna mzee katika ukoo aliyewahi kupiga chochote, iwe udi, fidla au zumari, nenda ukamrekodi wiki hii. Elekeza kamera kwenye mkono unaopiga, uso utatosha picha moja.

Namba tano ndiyo iliyonifanya niandike leo badala ya kuendelea na hifadhidata. Hifadhidata itangoja.

Mwezi ujao kuna harusi ya binti wa binamu yangu, na Mjomba ameshatangaza kuwa banjo litakuwepo. Tutakaa viti viwili vilivyobanana, mkono wangu wa kushoto na mkono wake wa kulia. Ameniwekea sharti moja tu: kijana yeyote akija kusimama nyuma yetu kuangalia mikono, nisigeuke.

Haya, kwaherini kwa sasa. Mwenye kaseti yenye taishokoto ndani, hata iliyokwaruza, aniandikie tafadhali.